Mama Pindo na Hatua ya Saba Yenye Nyota

Chuo kilikuwa na ghorofa mbili, na elimu nayo ilikuwa imegawanywa kufuata ngazi. Juu walikaa wanaojua kwa nini. Chini walikaa wanaojua vipi. Katikati palikuwa na ngazi yenyewe, ambayo wa juu waliishuka kwenda kula na wa chini waliipanda kwenda kufagia.

Mama Pindo alikuwa wa chini. Barua yake ya ajira, yenye umri wa miaka ishirini na sita na harufu ya mafuta ya cherehani, ilimtaja kuwa Mhudumu wa Karakana ya Ushonaji, Daraja la Tatu. Kazi zake: kufagia, kupaka mashine mafuta, kuhesabu mikasi jioni, "na kazi nyingine atakazopangiwa." Hizo kazi nyingine ndizo zilizokuwa kazi. Ndani ya maneno hayo manne alikuwa amefundisha kushona watu wapatao elfu moja, wengine wakiwa sasa na viwanda vyao, wengine na vitambi vyao, na mmoja akiwa Mkuu wa Idara, huko juu.

Si kwamba hakutaka kuingia chuoni kwa heshima. Alipokuwa binti wa miaka kumi na tisa alikuja na fomu mara mbili. Mara ya kwanza dirisha la udahili lilimwambia alete cheti cha sekondari. Mara ya pili alikwenda kulikumbusha dirisha kwamba yeye aliishia darasa la saba, na dirisha likamwambia ndiyo maana linamkumbusha alete cheti cha sekondari. Akajifunza kazi kwa shangazi yake, barazani, kwa cherehani ya mkono. Miaka ikapita, akaja mara ya tatu kuomba kazi ya usafi, akapokelewa siku hiyohiyo. Mlango uliomkataa akiwa na fomu ulimfungukia akiwa na ufagio.

Mwezi wa pili wa ajira, mwalimu wa vitendo alikwenda kwenye semina ya wiki moja na kurudi baada ya miaka miwili. Wanafunzi wakabaki wameketi mbele ya cherehani kama abiria wa basi lisilo na dereva. Mama Pindo alifagia miguuni mwao siku tatu. Siku ya nne aliegemeza ufagio ukutani, akamwambia binti mmoja, "Hebu sogea, mwanangu, hiyo bobini umeiweka kichwa chini miguu juu." Toka hapo hakusogea tena.

Jina la Mama Pindo alipewa na wanafunzi wenyewe, kwa sababu ya pindo. Mtu alileta suruali, au gauni, au pazia la ofisi. Yeye hakutazama mbele, alikwenda moja kwa moja chini, kwenye pindo, akapitisha kidole gumba.

"Fumua."

"Mama, nimefumua mara tatu!"

"Basi unaelekea kuwa fundi. Ya nne huwa tamu."

Hivyo ndivyo alivyoishi, na aliishi vizuri. Alipenda sauti ya cherehani kumi na nne zikienda pamoja (zilikuwa kumi na nane, lakini mbili zilichechemea na mbili zilikuwa za kuwekea vikombe). Alipenda harufu ya pasi juu ya kitambaa kibichi. Alipenda kile kimya kifupi mwanafunzi anapovaa kwa mara ya kwanza kitu alichokishona mwenyewe, akajitazama kiooni na kusahau kuwa kuna watu.

Kisha ukaja waraka.

Waraka ulisema kwamba kuanzia muhula ujao hakuna mtu atakayesimama mbele ya wanafunzi bila cheti cha ngazi inayostahili. Kwa wale wakongwe waliojifunza kazi nje ya darasa, Baraza la vyuo, kwa huruma yake, lilikuwa limefungua dirisha: siku moja ya kupimwa ujuzi. Ukipita, unapewa cheti na cheo cha Mwalimu wa Vitendo. Ukianguka, umeanguka, dirisha halifunguliwi mara mbili. Asingefukuzwa kazi, hapana. Angebaki Daraja la Tatu, na karakana ingepewa kijana mwenye shahada ambaye, kwa habari zilizoteremka ngazi, cherehani alikuwa ameiona mara nyingi sana kwenye projekta. Mama Pindo angefagia nyuzi za makosa asiyoruhusiwa kuyarekebisha.

Alimpelekea mumewe habari hizo. Mumewe alikuwa kinyozi, mwenye kibanda chake upande wa mbele wa nyumba, na kama ilivyo desturi ya wenye kazi hiyo alikuwa na nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

"Wakupime wewe?" alisema, mkasi hewani, mteja akiwa na nusu kichwa. "Wakupime kwa kitu gani? Waliokufundisha wewe wamekufa, uliowafundisha wewe ndio mabosi. Watamtoa wapi wa katikati?"

"Anatoka kwenye Baraza la vyuo. Mtahini. Anakuja na begi."

"Ah, kama ana begi, basi." Akamgeukia mteja. "Umesikia, mzee? Mke wangu kupimwa kushona ni kama kinyozi kufanyiwa mtihani wa kuchana nywele."

"Usinichekeshe," alisema Mama Pindo. "Nikianguka nitakuwa nakuja kufagia hapa kwako."

"Hapa Daraja la Tatu hatuchukui," alisema mumewe, na mteja akacheka mpaka ikabidi ashikwe kichwa.

Alicheka na yeye. Lakini alipoingia ndani alikaa kitandani bila kuvua viatu, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida, akajipima: angeweza kuwatazama watoto wa watu wakiharibu kitambaa, akanyamaza? Akajijibu kuwa angeweza kwa muda wa dakika tano.

Wiki mbili kabla ya mtihani alikuja Mtafiti. Alikuwa dada mwembamba, mwenye kompyuta ya mkononi na adabu nyingi, aliyetumwa kuchunguza kitu kiitwacho pengo la ujuzi. Waajiri walikuwa wanalalamika. Hoteli ilisema, hospitali ilisema, kampuni ya walinzi ilisema kwa sauti kubwa kuliko wote: wahitimu wa vyuo wanashona sare zinazobana. Mlinzi mmoja alikuwa ameruka ukuta kumkimbiza mwizi, suruali ikafanya uamuzi wake, na mwizi akacheka hadi akakamatwa. Kampuni ilikiri kwamba mwizi alipatikana, ila haikutaka uwe ndio utaratibu.

Mtafiti alikuwa ameanzia juu. Huko aliambiwa kwamba tatizo ni mtazamo hasi wa vijana. Mwingine alisema ni simu. Mkuu wa Idara alipendekeza kozi mpya ya stadi za mawasiliano, ili mhitimu aweze kumweleza mteja kwa ufasaha kwa nini nguo inabana. Ndipo Mtafiti akashuka.

"Shikamoo, mama. Nitakusomea sentensi, nawe utaniambia: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, au sikubali kabisa."

"Marahaba, mwanangu. Soma."

"'Mazingira ya kujifunzia yanakidhi mahitaji ya mwanafunzi.'"

"Yule pale anahitaji kuambiwa ashushe mguu wa cherehani kabla hajakanyaga. Ngoja nikamwambie."

Aliporudi, Mtafiti alikuwa bado anamngoja. "Niweke ipi, mama?"

"Weka kwamba ameshaushusha."

"Hiyo haimo."

"Basi weka nakubali. Na hizo nguo zinazobana mbona huniulizi?"

Mtafiti alipekua maswali yake. Halikuwemo. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa, akaweka kompyuta pembeni akauliza.

"Zinabana kiunoni," alisema Mama Pindo. "Tu. Wanafunzi wakishuka huku kutoka darasani juu wanakata kiuno kidogo. Nikiwauliza, wanasema kitabu ndivyo kinavyosema. Kitabu chenyewe kipo kabatini kwa Mkuu wa Idara, wahudumu hawaazimwi. Nikajisemea wasomi wana sababu zao, labda ni fasheni. Mimi nawalazimisha waache akiba ya inchi mbili kwenye mshono wa nyuma, nguo ikibana tunaachia. Wakiondoka hapa wanasahau akiba, wanakumbuka kitabu."

Mtafiti aliandika yote hayo chini ya kichwa "Mengineyo," kisha akaomba ruhusa ya kuja kutazama mtihani. Mama Pindo akamwambia karibu, ila asije na ile nakubali sana. Jioni alimsimulia mumewe, likawa kosa kubwa, kwa sababu kwa wiki mbili mtu yule hakunywa chai bila kuitolea kiwango.

Siku ya mtihani karakana ilifagiliwa mara mbili, zote na yeye mwenyewe, kwa kuwa mtahiniwa na mhudumu walikuwa mtu mmoja. Mtahini alifika saa mbili kamili. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye begi kweli, na mwendo wa ajabu: alitembea kama aliyebeba yai. Alipokaribishwa kiti alikaa ukingoni, mgongo wima, akavuta pumzi fupifupi.

Mkuu wa Idara aliketi pembeni kama shahidi. Huyu alikuwa kijana wa Mama Pindo wa mwaka wa kwanza kabisa, wa kundi lile lililoachwa na semina. Baadaye alipanda ngazi akaendelea kupanda: stashahada, shahada, shahada nyingine juu ya shahada. Wakiwa na watu alimwita "mhudumu wetu." Wakiwa peke yao alimwita mama, na alikuwa bado akimletea kaptula za wanawe zikipasuka.

"Mtahiniwa atapima, atakata na atashona suruali ya mteja ambaye hajawahi kumpima," Mtahini alisoma kutoka kwenye mwongozo wake. "Mteja yuko wapi?"

Hapo pakawa na kasheshe. Aliletwa mlinzi wa getini. Mama Pindo alikuwa amempima mara nne, hata alimjua bega lililoshuka. Aliletwa mhasibu, alikuwa amemshonea suti ya harusi, na ya harusi ya pili. Mpishi, dereva, mtunza bustani, hakuna mtu chuoni mwenye kiuno ambacho Mama Pindo hakukijua kwa moyo. Hatimaye watu wakamtazama Mtahini.

"Mimi?" alisema.

"Mwongozo hausemi asiwe wewe," alisema Mtafiti kutoka kona yake.

Mtahini akasimama kwa tahadhari, akakabidhi mwili wake. Kalamu mkononi, akawa anajitahini mwenyewe kwa namna fulani, akitia alama kila hatua. Hatua ya kwanza, kumkaribisha mteja. Ya pili, kuuliza matumizi ya nguo. "Ya kazini," alijibu, "nakaa sana." Ya tatu, ya nne, ya tano. Hatua ya sita, kuzungusha tepu kiunoni bila kukaza. Mama Pindo aliizungusha, akaingiza vidole viwili ndani yake, akasoma.

"Thelathini na nane."

Akaandika 38 kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Akashika kitambaa.

Kalamu ya Mtahini ilibaki hewani.

"Umemaliza kiuno?"

"Nimemaliza."

"Hakuna ulichosahau?"

Mama Pindo alitazama tepu, akamtazama mteja mbele na nyuma. "Hakuna."

Mkuu wa Idara alikohoa. Akakohoa tena, kikohozi chenye tarakimu ndani yake. Mwishowe akainama na kusema kwa sauti ya mtu anayepitisha majibu chini ya dawati, "Mama. Toa moja."

"Niitoe niipeleke wapi?"

"Hakuna kusaidiana," alisema Mtahini, lakini kwa unyonge, maana alikwisha kuanza kumpenda yule mama. Akageuza karatasi. "Naruhusiwa kukusomea hatua, na wewe unaruhusiwa kuirudia mara moja. Hatua ya saba. Ina nyota. Yenye nyota ukiikosa, umekosa mtihani mzima. 'Toa inchi moja kutoka kwenye kipimo cha kiuno, ili kufidia mnyumbuko wa kitambaa.' Sasa, mama, nakuuliza tena. Kiuno ni ngapi?"

Wanafunzi waliojazana dirishani, ambao hawakutakiwa kuwepo, walisogeza pua kwenye nondo.

Mama Pindo hakuwa mjinga. Jibu alikuwa amepewa mkononi, limemenywa. Thelathini na saba. Neno moja, na muhula ujao angesimama pale pale, na cheti ukutani, akafanya atakavyo. Angeweza kusema thelathini na saba na kukata thelathini na nane, nani angejua? Midomo yake hata ilikwisha kujiweka. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mkanda wa suruali ya Mtahini, mahali ambapo kifungo kilikuwa kimeshikilia uzi wake kwa imani tu.

"Samahani, mzee wangu. Hiyo uliyovaa ilishonwa na nani?"

"Na mhitimu wa chuo hiki. Daraja la kwanza."

"Ukikaa, unafungua kifungo?"

Mtahini aliangalia mwongozo wake kana kwamba ungemsaidia. "Hilo halimo," alisema.

"Halimo. Lakini unafungua?"

"Chini ya meza," alisema Mtahini.

"Basi mimi sitoi. Kiuno chako ni thelathini na nane. Kitambaa hiki hakinyumbuki, ukikivuta kinalia. Kama ni kuanguka, nianguke na kiuno cha watu kikiwa salama."

Mkuu wa Idara akainuka. Alikuwa amekasirika kwa namna ya mtu anayeogopa. "Mama, usinifanyie hivi! Ni wewe uliyetufundisha! Ule mwongozo, ndicho kile kitabu cha kabatini, niliuandika mimi, Baraza likaupitisha, unatumika vyuo kumi na kimoja, na hatua ya saba niliitoa kinywani mwako!"

"Kinywani mwangu?"

"Ninao ushahidi!"

Akapanda ngazi mbili mbili, akarudi na daftari lenye jalada lililoliwa na mende. Akafungua ukurasa wa pili. Kwa mwandiko wa kijana wa miaka ishirini, uliopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, palikuwa pameandikwa: *Kiuno. Mama amesema: toa 1. Muhimu!!*

Mama Pindo aliliweka daftari usawa wa macho, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Kisha bega moja likaanza kutikisika. Likafuata la pili. Akatafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wanafunzi dirishani wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

"Jamani," alisema alipopata pumzi. "Jamani! Zile tepu!"

"Tepu zipi?"

"Mwaka ule wa kwanza. Tepu za chuo zilikuwa zinaibiwa, kila wiki, mbili tatu zinapotea. Yule mtunza stoo, Mungu amrehemu, akachukua mkasi akakata inchi ya kwanza ya kila tepu. Akasema, nione mwizi atakayeiba tepu inayoanzia moja. Na kweli hazikuibiwa tena! Sasa ukipima kwa tepu ile, ukisoma thelathini na tisa, mtu ni thelathini na nane. Ndiyo nikawaambia, wanangu, toeni moja. Toeni moja kila mahali, kiuno, kifua, mguu. Mwaka wa pili zikaja tepu mpya, nikaacha kusema. Nyie mlikwisha kupanda juu."

Mkuu wa Idara alikuwa amesimama na daftari mkononi kama mtu aliyebeba mtoto asiyemjua. "Mimi niliandika kiuno peke yake," alisema polepole. "Siku ya kifua na mguu nilikuwa naumwa."

"Ashukuriwe Mungu uliumwa," alisema Mtahini. "Tungekuwa tunavaa kaptula."

"Na huu mnyumbuko wa kitambaa?" aliuliza Mama Pindo. "Huo mimi sikuusema."

"Mwongozo unataka kila hatua iwe na sababu. Nikatafuta sababu."

"Ukaipata?"

"Nikaiandika."

Mama Pindo alimtazama kijana wake wa mwaka wa kwanza, mwenye shahada juu ya shahada, masikio yakiwa yameshuka, na hakupata moyo wa kumchapa. Alijipangusa machozi kwa kipande cha bitana. "Kosa tumeligawana, mwanangu. Mimi niliwaambia toeni, sikuwaambia kwa nini. Nilidhani kwa nini ni kazi ya juu. Na wewe ungeshuka ukaniuliza, ni ngazi kumi na sita tu."

Mtahini aligeuza geuza fomu yake. Ilikuwa na kisanduku cha "amefaulu" na kisanduku cha "hakufaulu," na haikuwa na kisanduku cha mwongozo. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Alikuwa amefuata taratibu hata kiunoni, miaka mitano. Akasema mtihani uendelee.

Basi Mama Pindo akakata. Kwa saa tatu na nusu hapakuwa na utani. Alishona mshono wa nyuma akaacha akiba yake, akaweka mifuko, akatia zipu, akapiga pasi kila mshono kabla mwingine haujauvuka, na pindo akalishona kwa mkono, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo. Mtahini alisahau kutia alama mara mbili, ikabidi akumbushwe. Ilipokwisha, akaenda kuivaa nyuma ya pazia la stoo.

Alitoka. Akatembea mpaka kwenye kiti kama mtu wa kawaida. Akakaa, si ukingoni, akakaa mpaka mwisho wa kiti, akaegemea. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye kifungo, kwa mazoea, ukakikuta hakina neno, ukarudi gotini. Akavuta pumzi ndefu ambayo ilionekana kuwa ilikuwa inamsubiri tangu zamani.

"Nakubali sana," alisema Mtafiti, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Mtahini akachukua kalamu. Kwenye hatua ya saba aliweka alama ya mkasi, kwa sababu haikufanyika, na yeye hakuwa mtu wa kudanganya. Lakini chini, kwenye mistari miwili ya "Maoni ya Mtahini," ambayo haikuwahi kuandikwa kitu tangu fomu zianze kuchapwa, aliandika: *Mtahiniwa ndiye chanzo cha mwongozo. Chanzo kimejirekebisha mbele yangu. Nimeketi; nathibitisha.* Akatia saini, akaenda na begi lake na suruali mpya, ile ya zamani akaiacha iachiwe.

Baraza lilikaa wiki kumi na moja. Kukiri kuwa vyuo kumi na kimoja vimefundisha mtego wa mwizi kama nadharia si jambo la kikao kimoja. Wakati huo Mama Pindo aliendelea kufagia na kuendelea na kazi nyingine, na kila asubuhi Mkuu wa Idara alishuka kuuliza jambo. Mwanzoni alijifanya anatafuta chaki. Baadaye alikuja na kiti chake.

Ripoti ya Mtafiti ilitoka kabla ya barua. Ilikuwa na kurasa mia na arobaini juu ya pengo la ujuzi, ikapendekeza sera, mkakati, na mkakati wa kutekeleza mkakati. Ile inchi ilikuwa ukurasa wa tisini na tatu, chini kabisa, kwa maandishi madogo. Mtafiti alikuja mwenyewe kuomba radhi: alikuwa ameiweka mwanzo, wakubwa wake wakaiteremsha, wakasema ni ndogo mno kuwa matokeo.

"Usijali, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Wewe angalau ulishuka. Vua hilo koti, kwapa la kushoto limefumuka."

Barua ilipofika, mumewe aliisoma kwa sauti kibandani, mbele ya wateja wanne, akirudia mara tatu mahali palipoandikwa *Mwalimu*. Kisha akamkalisha mkewe kwenye kiti cha wateja, akamzungushia shuka shingoni.

"Unanifanyia nini, wewe?"

"Mwalimu hawezi kuingia darasani na nywele za mhudumu. Tulia."

"Kinyozi mwenyewe ujitazame kwanza!"

"Mimi sina cheti," alisema mumewe. "Inua kichwa."

Muhula ulianza Jumatatu. Hatua ya saba ilikuwa imefutwa, nyota na vyote. Yule kijana wa shahada na projekta alipangiwa kuwa msaidizi wake. Alifika na viatu vinavyong'aa, akaambiwa ajifunze kwanza kutia uzi kwenye sindano. Kampuni ya walinzi, hoteli na hospitali zilikuwa zimeleta sare zote zilizobana, marobota kwa marobota, mpaka mlango wa karakana haukufunguka vizuri. Chuo ambacho miaka yote kiliwaanzisha watoto kwenye vipande vya magunia sasa kilikuwa na suruali mia tatu za kweli za watu wa kweli.

Wanafunzi thelathini na wanne walikuwa wamesimama kuzunguka meza ya kukatia. Mama Pindo alikunjua suruali moja ya mlinzi, akaigeuza ndani nje.

"Hii ina inchi moja pungufu kiunoni," alisema. "Tutaifumua nyuma, tutaiachia inchi moja."

Binti mmoja mbele, mwenye daftari jipya, aliandika: *achia 1.* Akapiga mstari.

"Wewe, mwanangu. Umeandika nini?"

Binti akasoma.

"Kwa nini moja?"

"Si mwalimu umesema?"

"Nimesema. Na mimi nimekuambia kweli?"

Binti akamtazama, akatazama wenzake, akatafuta mtego. "Sijui, mwalimu."

"Haya. Mwenye suruali yuko hapo nje, nimemwita. Nendeni mkampime. Wawili wawili, kila wawili waje na namba yao."

Walitoka wakisukumana. Baada ya muda mfupi kelele zikawa kubwa ukumbini: huyu anasema thelathini na nne, yule anasema na nusu, mwingine anadai mlinzi amevuta tumbo ndani kwa sababu ya wasichana, mlinzi anaapa hajavuta kitu. Mkuu wa Idara alichungulia kutoka juu ya ngazi kuuliza kuna ugomvi gani.

"Hakuna ugomvi!" Mama Pindo alimpigia kelele kutoka chini, akidondosha mafuta kwenye cherehani ya kumi na tano, moja ya zile zilizochechemea. "Wanajifunza!"